Kuchagua filta ya oili na oili ya sintetiki kwa gari lililoingia karibuni: hatua kwa hatua

Ukipeleka gari Kisekka au Ndeeba, kwenye maduka ya spea na gereji za Kampala, likiwa bado na vumbi la safari ya kutoka Mombasa, ushauri wa kwanza utakaopewa ni huu: "Huku kwetu ni joto, weka 20W-50." Hiyo 20W-50 ni oili nzito. Naomba usiukubali haraka. Ushauri huo ni wa enzi za injini zilizochoka, zilizokuwa zikivuja na kula oili. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe. Kwa hiyo Wish, Premio, Vitz au Forester unayonunua leo ina injini ya kizazi kingine, na nyingi zimeundwa kwa oili nyepesi, 0W-20 au 5W-30.

Joto lenyewe tulipime kwa haki. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mchana wake mara nyingi haupiti nyuzi 30. Tokyo mwezi wa Agosti hupita 35, na magari haya haya hutembea huko na oili nyepesi. Tena termostati huweka maji ya injini karibu nyuzi 90, uwe Kabale kwenye baridi au Gulu kwenye jua. Kinachoumiza injini zetu ni vumbi la murramu, foleni ambamo injini inanguruma saa nzima gari halisogei, na oili bandia. Hayo ndiyo ya kujipanga nayo.

Hatua ya kwanza: liulize gari kabla ya kumuuliza muuzaji

Gari la Japani huja na kitabu cha Kijapani, na wengi hukitupa kwa sababu hawakisomi. Kitunze. Fungua kurasa za mwisho zenye majedwali: tarakimu ni zile zile tunazozijua, utaona 0W-20, 5W-30, na ujazo wa lita kama 3.7 au 4.2. Kifuniko cha kumiminia oili nacho mara nyingi kimeandikwa uzito wa oili unaotakiwa, yaani namba hizo hizo.

Kisha nakili namba ya chasi na namba ya aina ya injini kutoka kwenye kibati cha gari. Usiende dukani na jina la gari tu. Premio ya 1.5 ina injini ya 1NZ-FE, inayotumia filta ya kopo. Premio ya 1.8 ya umbo hilo hilo ina injini ya jamii ya 2ZR, inayotumia filta ya karatasi ndani ya kikombe chake. Ukisema "nipe filta ya Premio", umemwachia muuzaji abahatishe.

Hatua ya pili: uzito

Namba iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Namba ya mwisho inaeleza uzito wake ikiwa na nyuzi 100. Wengi hudhani 0W ni ya nchi za theluji tu. Lakini hata asubuhi ya Mbarara injini iliyolala usiku kucha inahitaji oili ipande haraka hadi kwenye kamshafti, mhimili wa juu unaofungua vali, na 0W hupanda mapema kuliko 20W. Injini zenye VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa vali kufunguka, hutumia presha ya oili hiyo hiyo kugeuza kamshafti kupitia vijia vyembamba. Ukiweka oili nzito kupita kiasi, kazi hiyo inachelewa na petroli inaliwa zaidi.

Ukikosa 0W-20, rudi kwenye jedwali. Vitabu vingi vya Toyota vinaorodhesha pia 5W-30, na mji wowote wenye duka la spea una 5W-30.

Hatua ya tatu: herufi za ubora

Tafuta alama ya duara ya API, taasisi ya mafuta ya Marekani, mgongoni mwa galoni. Herufi ya kwanza ikiwa S ni ya petroli, ikiwa C ni ya dizeli. SN ilianza 2010. SP ilianza 2020 na ikaongeza vipimo vya kulinda mnyororo wa taimingi na kuzuia mlipuko wa mapema katika injini ndogo zenye turbo. SQ ikafuata 2025. Kwa petroli herufi mpya inafaa pale ilipotakiwa ya zamani, kwa hiyo SP ni chaguo salama kwa gari lililotaka SM au SN. Galoni yenye SF au SG iache rafuni hata ikiwa imeandikwa "turbo" kwa herufi kubwa za dhahabu. Viwango hivyo ni vya miaka ya 1980.

Wenye dizeli, angalieni kama gari lina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Likiwa nacho, linataka oili yenye majivu machache, kama JASO DL-1 (kiwango cha Japani) au ACEA za kundi la C (viwango vya Ulaya), la sivyo kichujio kitaziba. Mercedes na Volkswagen, za petroli na za dizeli, wana vibali vyao, mfano kwa petroli MB 229.5 au VW 504 00, na kibali hicho kinatangulia mengine yote.

Hatua ya nne: sintetiki

Hapa sitakaa sana. Oili nyingi zinazouzwa kama sintetiki zimetokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa sana kwa hidrojeni. Nyingine zimejengwa kwa kemikali iitwayo PAO. Zote hustahimili moto kuliko oili ya kawaida na huchelewa kugeuka tope, jambo linalotufaa sana sisi wa foleni. Ikiwa uzito na herufi ni sahihi, msigombane kuhusu asili yake. Zaidi ya hapo, 0W-20 ya kawaida isiyo na sintetiki ni vigumu hata kuitengeneza.

Hatua ya tano: filta

Hapa ndipo watu hukosea zaidi. Mtu ananunua oili ya bei kubwa, kisha anaokoa shilingi chache kwenye filta, wakati oili yote ya injini lazima ipite humo.

Ndani ya kopo lile mna vitu vitatu vya maana. Kuna karatasi inayochuja. Kuna vali ya mpira inayozuia oili isirudi sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ukizima gari. Ikiwa dhaifu, utasikia injini ikigonga kwa sekunde kadhaa asubuhi kabla presha haijapanda. Na kuna vali ya dharura inayofunguka karatasi ikiziba, ili injini isikose oili. Oili inayopita hapo haikuchujwa, lakini ni afadhali chafu kuliko kukosa kabisa. Vali hiyo ikiwa legevu, inafunguka wakati wote na uchafu unazunguka bila wewe kujua. Kampuni za magari hupanga kila moja presha yake ya kufungua vali hiyo. Subaru nyingi, kwa mfano, hutaka presha ya juu kuliko filta za kawaida zinazofanana nazo kwa umbo.

Jambo la hatari zaidi ni nyuzi za skrubu. Filta za kopo za Toyota ndogo, kama 90915-YZZE1, zina nyuzi za robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05. Honda, Mazda, Subaru na Nissan nyingi hutumia M20, yaani milimita 20. Filta ya M20 inaweza kuingia kwenye skrubu ya Toyota ikaonekana imekaa, kumbe imelegea, na presha ikipanda barabarani inachomoka na oili yote inamwagika. Usikubali "inaingia tu, mzee". Linganisha namba na ile ya kitabu au ya filta ya zamani, tena uhakikishe ile ya zamani ilikuwa sahihi.

Filta ya kampuni ya gari ndiyo rahisi kuamini. Mann, Mahle, VIC na Sakura pia zinaaminika zikiwa halisi. Kwa filta ya karatasi, hakikisha boksi lina pete mpya ya mpira ya kikombe. Isipokuwemo, usinunue.

Ukitaka kujifunza kweli, mwombe fundi akate filta kuukuu mkaangalie ndani. Ukiona mikunjo michache isiyolingana, gundi iliyoachia, au mpira mgumu kama ganda la muhogo, hutahitaji tena kubembelezwa kununua nzuri.

Hatua ya sita: kukwepa bandia

Nunua kwa wakala wa kampuni ya oili au kituo cha mafuta chenye chapa hiyo. Angalia mhuri wa kifuniko haujaguswa, namba ya toleo imechapwa kwenye galoni yenyewe, na lebo haijabandikwa kombo. Bei ikiwa chini sana kuliko maduka mengine matatu, ondoka. Na galoni yako ikiisha, itoboe au ikate. Wanaojaza oili chafu hutafuta galoni tupu zenye jina zuri, na ile unayoiacha gereji inaweza kurudi sokoni.

Hatua ya saba: kubadilisha

Washa injini dakika chache ipate vuguvugu, izime, weka gari sehemu tambarare juu ya stendi, kamwe usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Fungua nati ya sampu, acha oili imwagike hadi iwe matone, weka washa mpya (pete ya kuzibia) na urudishe nati. Ukitoa filta, hakikisha mpira wake wa zamani umetoka nao. Ukibaki umeganda kwenye injini ukaweka filta mpya juu yake, oili itatoka kwa kasi mara tu ukiwasha. Paka mpira mpya oili kidogo, funga kwa mkono hadi uguse, kisha ongeza kama robo tatu ya mzunguko, au kama boksi linavyoelekeza. Usitumie spana kukaza kopo. Kwa kikombe cha Toyota, kipimo cha kukaza, 25 N·m, kwa kawaida kimechorwa juu yake.

Mimina pungufu kidogo ya lita zilizotajwa, washa, kagua chini kama kuna tone, zima, subiri dakika tano, pima kwa kijiti, kisha jaza polepole. Oili ikizidi alama ya juu nayo ni kosa.

Oili chafu ipeleke inakokusanywa. Mfereji wa Nakivubo unaishia Ghuba ya Murchison, na huko huko Ggaba ndiko sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Kampala inakochotwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Arua: *Asalaam aleikum fundi. Nina Wish ya 1.8, nusu ya safari zangu ni vumbi. Fundi wangu anasema 10W-40 ndiyo inazuia vumbi. Ni kweli?*

Aleikum salaam ndugu yangu. Oili haizuii vumbi, ya uzito wowote. Vumbi huingia kupitia filta ya hewa, basi hapo ndipo uweke nguvu: ikague kila mwezi, na uangalie bomba lake halina ufa. Oili baki na ya kitabu, fupisha tu muda wa kubadilisha.

Kutoka Kampala, dereva wa special hire (teksi ya kukodi): *Boss, galoni imeandikwa kilomita 15,000. Niende nayo hadi huko?*

Hapana kaka. Toyota wenyewe huko Japani wamekuwa wakitaja kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa petroli isiyo na turbo katika matumizi mepesi, na 7,500 au miezi sita katika matumizi magumu. Kazi yako ni matumizi magumu: safari fupi, foleni, injini kuwaka gari limesimama. Kilomita hazihesabu saa ulizokaa kwenye foleni ya Clock Tower. Mimi ningebadilisha kati ya 5,000 na 7,500, na filta kila mara.

Kutoka Jinja: *Nimeweka sintetiki, baada ya wiki mbili imekuwa nyeusi. Nimeuziwa bandia?*

Weusi pekee hautoshi kuhukumu, dada. Oili nzuri ina sabuni inayobeba masizi na uchafu uliokuwa umeganda ndani, hasa ikiwa aliyekutangulia hakuwa akibadilisha. Kwenye dizeli inakuwa nyeusi siku hiyo hiyo. Wasiwasi uwe pale inapokuwa nzito kama uji, ina rangi ya chai ya maziwa, au inanuka petroli. Rangi ya maziwa ina maana maji yameingia. Ukiiona hiyo, usiendeshe, ita fundi.

Kutoka Kasese: *Forester yangu ina turbo na inapanda milima kila siku na mizigo. Nayo 5W-30?*

Anza na kitabu chake, mzee. Vitabu kadhaa vya Subaru za zamani kidogo vinaruhusu oili nzito zaidi kwa mizigo na joto kali, hivyo 5W-40 ya sintetiki inaweza kuwa halali kwako, mradi iwe imetajwa. Kwa turbo muda ni mfupi: usipite kilomita 5,000, na kwa milima na mizigo yako pungua zaidi ya hapo. Ukifika juu umelikamua gari, liache lingurume taratibu dakika moja kabla ya kuzima.

Kutoka Bombo: *Oili imepungua nikiwa njiani, na chapa yangu haipo dukani. Naweza kuchanganya?*

Unaweza. Oili zenye kiwango cha API hupimwa kwamba zinachanganyika bila kuharibika. Tafuta uzito ule ule na herufi zile zile, ongeza hadi kwenye alama, kisha ukifika nyumbani tafuta kwa nini ilipungua.

Kutoka Mbale: *Baada ya sevisi nimebakiwa na lita moja ya 0W-20. Naweza kuiweka kwenye boda yangu?*

Usifanye hivyo kaka. Klachi ya boda inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo ya injini, na oili nyepesi za magari mara nyingi zina dawa ya kupunguza msuguano. Klachi ikianza kuteleza, utasikia injini inapiga kelele na pikipiki haivuti, hasa ukiwa na abiria mlimani. Boda inunulie oili yenye alama ya JASO MA au MA2, kwa uzito uliotajwa kwenye kitabu chake. Lita iliyobaki ifunge vizuri, uiweke pasipo jua, utaitumia kuongeza kwenye gari.