Ukichomwa na samaki-jiwe

Huwa napeleka wageni kuzamia kisiwani Mnemba, Zanzibar, na ninayemwogopa si papa. Ni samaki-jiwe: kalala juu ya mwamba, mwani umemwota mwilini, unachoona ni mdomo tu uliopinda juu kama mtu aliyenuna. Mgongoni ana miiba 13 ya sumu. Kwa hiyo usishike tumbawe, na maji yakipwa vaa viatu vya soli nene.

Akikuchoma, toka majini upesi. Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto, yasizidi nyuzi 45, dakika 30 hadi 90. Yapime kwa mguu usiochomwa; uliochomwa hudanganya. Kisha hospitali. Botini nabeba chupa mbili za chai, moja hainywewi.