Mgongo na misuli inayouma kila siku: jinsi ya kuituliza bila kuishi kwa sindano za diklo

Mbukwenyi wadau. Nimeamua niandike hili kwa kirefu maana pale kijiweni madereva boda wenzangu wote wanashika viuno, nikienda kijijini upande wa Mvumi mama zangu nao wanashika viuno, na dawa ya wote ni ile ile, duka la dawa, sindano ya diklofenaki, maumivu yanakata siku mbili tatu afu yanarudi vile vile na safari hii yana hasira. Mimi siyo daktari, ni mtu wa boda hapa Dodoma, ila mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, amenielekeza vizuri na nimesoma sana, na nachotaka kusema ni kimoja: mgongo uliouma zaidi ya miezi mitatu unatulia kwa kutembeshwa na kupewa nguvu. Haya mengine yote, joto, mafuta, masaji, ni ya kukusaidia tu uweze kusogea.

Ila kabla hujaanza kujinyoosha huko, kuna maumivu ya mgongo ambayo hayataki mazoezi ya mkekani yanataka hospitali. Ukipata ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, mkojo ukagoma kutoka au ukawa unatoka wenyewe, choo hivo hivo, au mguu unaishiwa nguvu unaburuza, nenda leo leo hata kama ni usiku. Ukiwa na homa, jasho la usiku, unapungua mwili bila sababu, maumivu yanayozidi ukiwa umelala, umeanguka au umepata ajali, au uliwahi kuugua saratani, nenda ukapimwe. TB siyo ya kifua peke yake, inakaa mpaka kwenye uti wa mgongo. Na sisi wa huku kwenye mifugo kuna brusela, unaipata kwenye maziwa mabichi au kwa kushika ng'ombe au mbuzi aliyetupa mimba, inakuletea homa inayokuja na kuondoka, jasho, viungo na mgongo vinauma, sasa wewe kaa unakandwa maji ya moto tu miezi yote hiyo. Chemsha maziwa jamani.

Kama hayo yote hauna, basi mgongo wako ni kama migongo mingi tu. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na wengi wao hakuna kitu kimoja kilichovunjika ukasema ndo hiki hapa. Ndo maana usichanganyikiwe sana na karatasi ya MRI, ile picha ya ndani ya mwili, iliyoandikwa diski (ule mto laini kati ya pingili za mgongo) imetokeza. Kuna uchambuzi wa tafiti ulitoka 2015, ukaonyesha kwamba watu wa miaka 50 ambao hawaumwi chochote, takribani 60 kati ya 100 diski zao zimetokeza vile vile, hawajui na wanalima. Mtu akishaambiwa diski anaogopa kuinama, anakaa kitandani, misuli inalegea, afu akija kuinuka anaumia zaidi, anazidi kuogopa, inakuwa mzunguko.

Sasa tuanze na kutembea maana ni bure. Utafiti wa Australia uliotoka 2024 ulichukua watu 701 waliokuwa wametoka kupona mgongo, nusu wakawekewa mpango wa kutembea pamoja na kuelekezwa na fiziotherapia, lengo ni kufika dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, nusu wakaachwa hivo hivo. Wale wa kutembea maumivu yalichukua wastani wa siku 208 kabla ya kurudi, wenzao siku 112. Kutembea tu. Kwa hiyo we anza na dakika kumi, ongeza taratibu, tembea asubuhi mapema au jioni jua likipungua maana jua la Dodoma unalijua, mikono iachie itembee, usitembee umekakamaa kama umebeba mayai. Mtu wa ofisini pale Mtumba shuka kituo cha kabla. Na sisi wa boda ndo tunapotea hapa, siku nzima tumekaa, tunaona tunasafiri kumbe makalio hayajafanya kazi hata kidogo.

Baada ya hapo mkeka. Usifanye ukiwa umetoka tu kitandani, maana usiku diski zinanyonya maji zinajaa, asubuhi nusu saa ya kwanza mpaka saa moja ndo mgongo mgumu na kuinama sana kunauumiza, amka, piga mswaki, washa jiko, tembea tembea, ndo uje.

La kwanza piga magoti, mikono chini, pandisha mgongo juu taratibu kama paka akikasirika afu ushushe, mara nane hivi, hii ni ya kulainisha, usilazimishe mwisho.

La pili ndo lenyewe hasa, hili nataka ulielewe vizuri. Ukiwa hapo hapo kwenye magoti na mikono, nyoosha mguu wa kushoto nyuma na mkono wa kulia mbele kwa pamoja, shikilia sekunde nane mpaka kumi huku unapumua, rudisha, badilisha upande. Kosa la watu wengi ni kurusha mguu juu mpaka kiuno kinabonyea na nyonga inapinda upande. Mguu usipande juu ya usawa wa mgongo, sukuma kisigino nyuma kana kwamba unafunga mlango. Ukitaka kujua unafanya sawa chukua kikombe cha plastiki, weka maji robo, mwambie mtoto akuwekee juu ya kiuno, maji yakimwagika ujue nyonga imezunguka. Mwanzoni utalowa, watoto watacheka sana, baada ya wiki kadhaa kikombe kinatulia. Anza mara tano kila upande, pumzika, mara nne, pumzika, mara tatu. Nyonga zako na misuli midogo inayoshika pingili ndo inajengeka hapo, siyo kwa sitapu zile za jeshini ambazo mtu mwenye mgongo aziache kabisa.

La tatu lala chali, kunja magoti, nyayo chini, inua kiuno juu kwa kukaza makalio, hesabu mpaka tano, shuka, mara kumi. La nne lala ubavu, egemea kiwiko na goti, inua nyonga toka chini, sekunde kumi kumi kila upande. Basi, dakika kumi na tano umemaliza, fanya siku nyingi za wiki na usitegemee muujiza wiki ya kwanza, hesabu wiki sita mpaka kumi na mbili. Kuuma kidogo wakati wa zoezi siyo dhambi, angalia kesho yake, kama maumivu yamerudi kawaida endelea, kama maumivu au ganzi inashuka mguuni inaelekea vidoleni punguza au acha hilo zoezi kwanza uonane na mtaalamu.

Sasa mazoezi dakika kumi na tano afu masaa kumi unaubomoa mgongo, hutafika. Angalia kazi yako.

Kulima na kupalilia: jembe lenye mpini mfupi ndo adui, mpini uongezwe urefu, na badilisha upande wa kushika, mtu analima msimu mzima mkono ule ule mbele. Huku kwetu mvua zikianza Desemba kila mtu anakimbizana na mtama na alizeti, unamkuta mtu kachukua boda mpaka shambani anashuka tu anashika jembe, misuli bado imelala. Tembea kidogo kwanza. Na kila nusu saa nyooka, weka mikono kiunoni, sukuma tumbo mbele kidogo mara tano, rudi kazini. Wa zabibu mnaojua kukatia matawi mikono juu siku nzima, huko mabega na shingo ndo vinalia, pandia kitu imara kidogo ili mikono isipite usawa wa macho.

Nyumbani: lile fagio la chelewa fupi lifunge kwenye mti mrefu, umemaliza. Beseni la kufulia liweke juu ya stuli au ndoo mbili zilizopinduliwa lisiwe chini. Jiko la mkaa liinue kwenye matofali, au kaa kwenye kigoda badala ya kuinama umenyoosha miguu unasonga ugali wa watu kumi. Dumu la lita 20 ni kilo 20 na zaidi kidogo, ukilibeba mkono mmoja mgongo unapinda, bora madumu mawili ya kumi kumi, na ukiliinua kutoka chini chuchumaa, lisogeze karibu na mwili, usigeuke huku umelibeba, geuza miguu. Mnaobeba kichwani mtu akusaidie kutwisha, kule kujitwisha peke yako ndo kunakata kiuno.

Boda: pochi toa mfuko wa nyuma, imekupandisha kalio moja siku nzima. Upepo wa tairi usijaze kama jiwe, shokapu zikifa badilisha, kwenye tuta inuka kidogo kwenye kiti, magoti ndo yanyonye mshtuko. Na ukiwa kijiweni shuka, usisubiri abiria umekaa juu ya pikipiki.

Tuje kwenye kukanda, hii watu wanaipenda. Joto linasaidia kweli kulegeza misuli iliyokaza, hasa Juni na Julai upepo wa baridi unapopuliza hapa. Taulo lililochovywa maji ya moto likakamuliwa, au chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga, dakika 15 mpaka 20, jipime kwanza kwa ndani ya mkono. Mwenye kisukari au mwenye ganzi awe mwangalifu sana, anaungua bila kusikia. Halafu ukishapata joto usirudi kulala, hapo hapo ndo ufanye mazoezi maana misuli imefunguka.

Masaji nayo ina faida kwa muda, mafuta ya alizeti tunayo tele, mtu akupake akukande pembeni ya uti wa mgongo kwa kiganja, asisimame juu ya mgongo wako, na asibonyeze juu ya mifupa yenyewe. WHO kwenye mwongozo wao wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini wameweka mazoezi, elimu na masaji miongoni mwa vitu vya kutumia, wakataja na dawa ya kupaka ya pilipili. Hiyo nunua duka la dawa iliyotengenezwa kwa kipimo, ya kusaga pilipili kichaa mwenyewe ukajipaka utanikumbuka, hasa ukijisahau ukashika macho au ukaenda chooni. Mwongozo huo huo unasema mikanda ya kufunga kiuno isitumike kama tiba ya kawaida, sasa hesabu hela mliyoacha kwa machinga. Kuumikwa wengine kunawapa nafuu ya muda, ila wembe lazima uwe mpya mbele ya macho yako, na ukiona chombo kimetoka kwa mtu mwingine ondoka.

Tangawizi na manjano kunywa tu kwenye chai na mboga, vinaweza kupunguza kidogo, ila anayetumia dawa za kuyeyusha damu aulize kwanza kabla ya kunywa kwa wingi. Kitu cha kuogopa ni zile dawa za unga zisizo na jina, ukilamba kijiko kimoja baada ya saa moja unaruka. Mizizi haifanyi kazi hivo. Mamlaka za dawa nchi mbalimbali zimeshakuta dawa za aina hiyo zimechanganywa kisirisiri na steroidi (dawa kali za kushusha uvimbe) au dawa za maumivu, unavimba uso, sukari inapanda, tumbo linatoboka. Na diklo yenyewe ukiizoea ina vidonda vya tumbo na figo, mbaya zaidi ukiwa shambani juani hujanywa maji.

Usingizi na mawazo msidharau. Ukilala ubavu weka mto katikati ya magoti, ukilala chali weka chini ya magoti, godoro la sponji lililobonyea katikati ligeuze au litoe, lisiwe gumu kama sakafu wala laini mpaka unazama. Mtu mwenye mkopo wa kausha damu halali, mabega yako masikioni muda wote, huyo mkande unavyotaka, maumivu yatakuwa pale pale mpaka apate namna ya kupumua. Sigara nayo inahusishwa na maumivu ya mgongo, ipunguze uiache.

Siku mgongo ukikukamata ghafla, na itatokea hata ukiwa unafanya yote haya, usikimbilie kulala wiki nzima. Lala chali, miguu iweke juu ya kiti magoti yakiwa yamekunjwa, robo saa, pumua kwa tumbo. Weka joto. Afu inuka kwa kugeukia ubavu kwanza, sukuma na mikono, usinyanyuke moja kwa moja. Tembea dakika tano ndani ya nyumba, pumzika, tembea tena, kila saa moja hivi. Siku ya pili au ya tatu rudia lile la paka na la kuinua kiuno kwa upole, ukiweza rudi kazi nyepesi. Mara nyingi ndani ya wiki chache linatulia, lisipotulia ndani ya wiki sita waone fiziotherapia, hospitali za mkoa wapo, uliza mapokezi.