Kabla hujaandika "hatari": namna ya kutofautisha risk na wenzake

Karatasi ilikuwa na sentensi moja tu kuhusu amonia, gesi ya kupozea yenye sumu, na mimi ndiye niliyeitafsiri kutoka Kiingereza. Ilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha mitambo ya baridi, katika kiwanda kimoja cha minofu ya samaki hapa Mwanza. Kiingereza kilisema hazard ya amonia ni kubwa, ila risk ni ndogo endapo valvu zinakaguliwa na barakoa za gesi zinavaliwa. Kiswahili changu kikasema: hatari ya amonia ni kubwa, ila hatari ni ndogo endapo valvu zinakaguliwa. Mzee mmoja wa zamu ya usiku akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata neno moja moja, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, sasa hatari ni kubwa au ni ndogo?"

Niliibandua karatasi ile palepale. Tangu siku hiyo sigusi neno risk kabla ya kujiuliza maswali kadhaa, na nayaandika hapa kwa yeyote anayetafsiri mabango ya kazini, mafunzo ya usalama, fomu za bima au za mikopo.

Swali la kwanza: kitu hiki naweza kukionyesha kwa kidole? Kama naweza, hiyo ni hazard. Amonia ndani ya bomba, sakafu yenye utelezi wa magamba na maji, waya uliochunika. Vitu hivyo vipo hata siku kiwanda kimefungwa na hakuna mtu ndani. Risk huwezi kuionyesha. Ni makadirio ya mambo mawili kwa pamoja: uwezekano wa madhara kutokea, na ukubwa wa madhara hayo yakitokea. Ndiyo maana risk lazima iwe na mwenyewe. Ukiulizwa "risk ni kiasi gani?", uliza kwanza "kwa nani, na akiwa anafanya nini?"

Kwenye mafunzo hupenda kutumia mfano wa kichocho, kwa sababu kila mtu wa kandokando ya ziwa anaujua. Kwenye maji ya kina kifupi, penye majani, kuna konokono, na konokono hao hutoa vimelea vinavyopenya kwenye ngozi ya binadamu. Sasa weka watu watatu. Mama anayefua kila asubuhi, maji yakimfika magotini. Mtoto anayeogelea Jumamosi. Abiria wa kivuko anayepita juu ya ziwa hilohilo bila kulowa hata kidole. Hazard ni moja kwa wote watatu, lakini kila mmoja ana risk yake. Yule mama akivutiwa bomba nyumbani akaacha kuingia majini, konokono bado wapo na vimelea bado vipo. Hazard haijaguswa, lakini risk yake imeshuka sana. Hicho ndicho kipimo changu: kinachopungua kwa tahadhari ya mtu huku kitu chenyewe kikibaki palepale ni risk. Ukitaka kuimaliza hazard, sharti ukiondoe kitu chenyewe.

Kuna mfano mwingine, na huutaja kwa uzito wake. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Ziwa lilikuwa lilelile la siku zote. Siku ile kilibeba watu zaidi ya mara mbili ya uwezo wake, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Anayesema tu "ziwa ni hatari" amesema kweli, ila hajasema lolote ambalo mtu angeweza kulirekebisha pale gatini.

Danger haina shida: ni hatari tunayoijua, ile iliyo karibu na inayokukabili. Kwenye bango la umeme andika HATARI, inatosha. Threat ni tishio, na mara nyingi nyuma yake kuna nia ya mtu, au kuna kitu kinachokuja kukuelekea, kama gugumaji linaposogea kwenye mwalo. Peril utakutana nayo zaidi kwenye bima: ni tukio lenyewe linaloleta hasara, kama moto, wizi au dhoruba. Hapo uwe macho, maana watu wa bima wanaposema hazard huwa wanataja hali inayoongeza uwezekano wa tukio hilo, kwa mfano madumu ya petroli yaliyorundikwa stoo.

Panapotuchanganya zaidi ni kwenye neno letu "vihatarishi". Wakaguzi wa usalama kazini wanalitumia kwa maana ya hazard. Wahasibu na maofisa mipango wanaposema "usimamizi wa vihatarishi" wanakusudia risk. Neno moja, ofisi mbili, maana mbili. Mimi kwenye mambo ya usalama naandika "kihatarishi" kwa hazard, na "uwezekano wa madhara" kwa risk. Ni maneno marefu, najua, lakini yanaeleweka hata na asiyepita kwenye semina. Nikiwaandikia wahasibu nawaachia neno lao, ila ukurasa wa kwanza naeleza linamaanisha nini humo ndani.

Jambo la mwisho ndilo watafsiri wengi hulisahau: risk inaweza kuwa na faida ndani yake. Mama wa dagaa ananunua ndoo kumi alfajiri, mwezi wa nne, mbingu haieleweki. Jua likiwaka siku nzima, dagaa wanakauka vizuri na anauza kwa bei nzuri Mwaloni Kirumba. Mvua ikinyesha, wanaishia kuwa chakula cha kuku. Kiingereza kitasema ame-take risk. Usiandike "amechukua hatari", hatusemi hivyo. Amejitosa. Mwongozo wa kimataifa wa kusimamia risk, ISO 31000 wa mwaka 2018, nao unaieleza risk kuwa ni athari ya kutokuwa na uhakika juu ya malengo, na athari hiyo yaweza kuwa nzuri au mbaya. Hapo neno "hatari" linapotosha kabisa.

Karatasi ya kiwandani niliiandika upya: "Amonia inaweza kuua. Valvu zikikaguliwa, na ukivaa barakoa ya gesi kabla ya kuingia, uwezekano wa kukudhuru ni mdogo." Mzee akaisoma tena kwa kidole chake, polepole, mpaka mwisho. Kisha akatazama kabati lililokuwa pembeni ya mlango, akalitikisa kufuli.

"Na barakoa zimo humu?"

Zilikuwa humo. Akaenda kwa msimamizi kuuliza ufunguo uko kwa nani.