Kujifunza Kihispania Wakati wa Kusubiri: Mwongozo kwa Dereva wa Lori la Masafa Marefu

Dereva wa masafa marefu husimama mara nyingi kuliko watu wanavyodhani: hungoja kupakia, hungoja karatasi zigongwe muhuri, tena hupumzika kwa kulazimishwa na sheria. Katika Umoja wa Ulaya hutakiwa kupumzika dakika 45 baada ya kuendesha saa 4 na nusu, na Marekani dakika 30 baada ya saa 8. Mimi ni dereva, na Kihispania changu nimekipata ndani ya vipindi hivyo, kwa utaratibu ufuatao.

Hatua ya 1: Pakua masomo kabla ya kuondoka, kwa kuwa mtandao hukatika njiani. Kwa anayeelewa Kiingereza, masomo ya sauti ya Language Transfer hayalipiwi. Yale ya Pimsleur hulipiwa, lakini kila somo huchukua takriban dakika 30, kwa hiyo hutosha pumziko moja.

Hatua ya 2: Tenganisha kazi ya gari linalotembea na kazi ya gari lililosimama. Wapo wanaoanza somo jipya wakiwa kwenye usukani. Sikubaliani nao, kwa sababu somo jipya hudai fikra zote, na fikra hizo ni mali ya barabara. Ukiwa unaendesha, rudia kusikiliza yale unayoyafahamu tayari, kupitia spika za gari, wala usiguse simu.

Hatua ya 3: Tamka kwa sauti. Ndani ya kabini hakuna wa kukusikia, na msemaji wa Kiswahili ana bahati kubwa hapa, kwani vokali tano za Kihispania zinakaribiana sana na zetu. Bidii yako iende kwenye herufi chache: h haitamkwi, j hutokea kooni kama kh, na rr hutetemeshwa kwa nguvu.

Hatua ya 4: Anza na vitenzi vya kazi yako. Hatua hii ndiyo ninayoipa muda mwingi kuliko zote, kwa sababu anayemiliki vitenzi huweza kujieleza hata akiwa na majina machache ya vitu. Kiswahili humtaja mtenda mwanzoni mwa kitenzi. Kihispania humtaja mwishoni. Chukua esperar, yaani kusubiri: espero ni ninasubiri, esperas unasubiri, espera anasubiri, esperamos tunasubiri, esperan wanasubiri. Cargar (kupakia) na descargar (kupakua) hufuata mkondo huohuo, hivyo ukiwa kwenye foleni ya ghala unaweza kuvizungusha vyote vitatu hadi ulimi uvizoee. Kisha tunga maswali utakayoyahitaji kweli: ¿Dónde descargo? (Nipakue wapi?), ¿Cuánto tengo que esperar? (Nisubiri kwa muda gani?). Mapema kabisa, tofautisha ser na estar, vitenzi viwili ambavyo vyote humaanisha kuwa: el camión es grande hueleza ukubwa wa lori, ambao ni sifa yake ya kudumu, ilhali el camión está lleno hueleza kwamba limejaa, hali itakayokwisha likipakuliwa.

Hatua ya 5: Usiku, andika kwa mkono sentensi chache za siku hiyo, na uyatie maneno mapya katika programu ya Anki, ambayo huyarejesha kwa vipindi vinavyozidi kurefuka kadiri unavyoyakumbuka. Usingizi usiuguse, macho yakiwa mazito, funga daftari.

Hatua ya 6: Zungumza na watu mapema, bila kungoja uive. Dereva mwenzako anayezungumza Kihispania, ambaye naye anasubiri zamu yake ya kupakua, mara nyingi huwa na muda na subira. Mgeni au mtu mzima mwite usted, yaani wewe ya heshima, na unapopotea katika maneno yake usitikise kichwa kana kwamba umeelewa, hasa mazungumzo yakihusu mzigo au njia. Mwambie: ¿Puede repetirlo más despacio, por favor? (Unaweza kurudia polepole zaidi, tafadhali?) Atarudia polepole, nawe umrudishie kwa maneno yako yale uliyoyaelewa ili akusahihishe.