Namna ya Kuweka Namba za Dharura Zionekane Simu Ikiwa Imefungwa

Katika mafunzo ya huduma ya kwanza ninayowapa waendesha bodaboda jijini Dar es Salaam, huwaomba kwanza wabadilishane simu wawiliwawili, kisha kila mmoja amtafute ndugu wa mwenzake. Wengi hukwamia kwenye nywila: jina "Mama" limo, ila limefungiwa ndani.

Hatua ya kwanza ni kuchagua watu wawili wenye kawaida ya kupokea namba wasizozijua, na angalau mmoja wao asiwe yule unayempakia kila siku, kwa kuwa mnaweza kuumia pamoja. Waarifu mapema, kisha andika namba zao kwa kuanza na +255, ili zipatikane hata ukiwa nje ya nchi.

Hatua ya pili, katika simu nyingi za Android, fungua Mipangilio, uingie sehemu ya usalama na dharura, na uwaongeze watu hao kwenye orodha ya dharura. Kwa iPhone, fungua programu ya afya yenye alama ya moyo, uguse picha yako, ujaze taarifa za kitabibu pamoja na watu hao wa dharura, na uhakikishe umewasha ruhusa ya kuzionyesha simu ikiwa imefungwa. Usipoiwasha, umejaza bure.

Katika taarifa hizo, tangulizeni kisukari, kifafa, selimundu, dawa mnazotumia na zile zinazowadhuru. Watu hukazania kundi la damu, ilhali hospitali hulipima upya kabla ya kumwongezea mgonjwa damu. Namba ya siri ya benki au ya pesa za simu isiandikwe hapo kamwe.

Mwenye kitochi asijione ameachwa. Mwaka 2005 mhudumu wa gari la wagonjwa wa Uingereza, Bob Brotchie, alipendekeza herufi ICE (kifupi cha Kiingereza "In Case of Emergency", yaani "ikitokea dharura") zitangulie jina la ndugu. Mwaka 2008 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano likapendekeza tarakimu, zinazoeleweka katika lugha zote. Kwa hiyo andika "01 Mama" na "02 Kaka": kwa kawaida tarakimu hupangwa kabla ya herufi, hivyo majina hayo yatakaa juu kabisa. Kwa kuwa chaji huisha na kioo huvunjika, weka pia kikaratasi chenye namba hizo nyuma ya kava.

Mwisho, funga simu, umpe mtu asiyeijua, na umwache aguse neno la dharura kwenye skrini mpaka azione namba zako. Mwonye tu asipige 112 kwa majaribio, maana polisi watapokea.