Namna ya Kumshirikisha Msanii katika Utafiti

Mtafiti anayetaka kushirikiana na msanii amwite kabla maswali ya utafiti hayajapitishwa. Mara nyingi kikundi cha ngoma au mchoraji huitwa mwishoni, matokeo yakiwa tayari, ili apambe ripoti. Huo ni ukibarua, si ushirikiano.

Chukulia utafiti wa kichocho kandokando ya Ziwa Viktoria. Mwanasayansi anajua kwamba viluwiluwi vya ugonjwa huo hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Mwigizaji aliyekulia mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, anajua akina mama hufua wapi, nani hushinda majini akivuta nyavu, na mambo ya chooni yasiyotamkwa mbele ya wakwe. Maarifa hayo yanaweza kubadilisha dodoso zima, kwa hiyo mpe mamlaka ya kulikataa swali, na vikao vifanyike kwa lugha anayoimudu.

Uganda ina sababu ya kulielewa jambo hili. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hadharani kwamba ana virusi vya UKIMWI, kisha akazunguka akizungumza na wanafunzi na waumini. Hakuwa akisoma kijikaratasi cha wizara. Alisema yake, na watu wakamsikiliza.

Malipo yaingizwe katika bajeti ya kwanza, yakihesabu siku za kutunga na za mazoezi pamoja na siku ya onyesho. Nauli na chai si malipo.

Mkataba ndio unaohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 iliweka kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa ni ya aliyeiagiza, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Kwa hiyo mkataba ulio kimya humnyang'anya msanii wimbo wake hata kama hakuna aliyekusudia hivyo. Andikeni waziwazi nani anamiliki nini, na nani ataruhusiwa kuutumia wimbo huo mradi ukiisha. Ikiwa mchango wa msanii umegusa maswali au uchambuzi, jina lake liwe miongoni mwa waandishi wa makala, si katika shukrani.

Kubalianeni pia mapema kuhusu mipaka: msanii asibadilishe kipimo cha dawa, na mwanasayansi asimwamulie mchezo uishe vipi. Mkivutana, onyesheni rasimu mwaloni, mkae wote wawili kusikiliza maswali ya watazamaji, kisha mrekebishe pamoja.