Simu yako biti 32 au biti 64? Namna ya kuangalia kabla hujalipa pesa na kabla hujaweka apu

Asalaam aleykum wadau. Mie ni fundi simu hapa Chake Chake, Pemba, na swali linalonijia mezani kuliko yote ni hili: "Fundi, mbona apu hii kwangu inakataa na kwa mwenzangu inakubali, na simu zetu tumenunua duka moja bei moja?" Wengi jibu wanalopewa huko nje ni "simu yako imejaa", mtu anafuta picha zote za harusi ya dada yake na apu bado inakataa. Mara nyingi wala haijajaa, ni kwamba faili analolilazimisha halikutengenezwa kwa prosesa ile (chipu inayofanya hesabu zote za simu) au kwa Android ile. Na inaniuma sana kumuona mtu kauza karafuu zake, kavuka maji mpaka soko la Darajani, Unguja, kununua simu, dukani kauliza RAM na kamera basi, akirudi huku apu anayoihitaji haiingii na pesa haina tena. Kwahivyo naeleza namna ya kuangalia mwenyewe, si kazi ya ufundi, hata mtoto wa skuli anaweza.

Hatua ya 1: Elewa kuna vitu vitatu vinavyotakiwa vikubaliane

Kuna chipu, kuna Android iliyowekwa juu ya chipu, na kuna faili la apu. Kimoja kikienda kombo basi apu haiingii.

Tuanze na chipu. Karibu simu zote tunazoshika zinatumia muundo wa ARM. Arm ni kampuni ya Cambridge, Uingereza, wao wanachora muundo na kuuza leseni, halafu akina Qualcomm, MediaTek, Unisoc, Samsung na Apple ndo wanatoa chipu zao. Muundo huo una vizazi, ARMv7 ni wa biti 32 (biti hapa ni kipimo cha ukubwa wa data prosesa inayoweza kushughulikia kwa mkupuo mmoja), na ARMv8 uliotangazwa 2011 ndo ulioleta biti 64. Simu ya mwanzo ya biti 64 ilikuwa iPhone 5s mwaka 2013, Android ikafuata na toleo la 5.0 mwaka 2014. Sasa prosesa inaelewa amri zilizoandikwa kwa muundo wake tu. Mtu wa Wete, huku Pemba, ukimsomea Kimakunduchi kizito, lahaja ya kusini Unguja, ataduwaa na masikio yake mazima, na prosesa ya biti 32 ukiipa amri za biti 64 inakuwa hivyohivyo. Chipu nyingi za biti 64 zinaelewa zote mbili, ila chipu kuelewa peke yake hakutoshi, Android nayo lazima iwe ya biti 64, na hapa ndo watu wengi wanapoliwa.

Majina ya kushika ni mawili, armeabi-v7a ni ARM ya biti 32, arm64-v8a ni ARM ya biti 64. Ukikuta x86 au x86_64 hizo ni za Intel na wenzake, ziliwahi kuingia kwenye simu kama ASUS ZenFone 2 ya 2015 lakini leo kuikuta mkononi mwa mtu ni bahati nasibu, tusipoteze muda nazo.

Hatua ya 2: Angalia simu yenyewe inasemaje

Njia nyepesi ni apu ya CPU-Z, ipo Play Store bure. Ifungue, nenda sehemu ya System, shuka mpaka uone Kernel Architecture. Ikiandika aarch64 hio ni biti 64. Ikiandika armv7l ni biti 32. Na ikiandika armv8l, hapo tulia kidogo, maana hio ndo ile niliyosema, chipu ni ya kizazi cha biti 64 lakini apu zinaendeshwa kwa biti 32. Muuzaji atakwambia "hii ni biti 64 bwana, angalia chipu yake", na kuhusu chipu anasema kweli, lakini wewe hununui chipu peke yake.

Njia ya uhakika zaidi, ambayo mie ndo naitumia, ni kuiuliza Android yenyewe. Kama una Termux (apu ya kuandikia amri) kwenye simu andika hivi:

getprop ro.product.cpu.abilist

Kama unatumia kompyuta, washa kwanza setingi za wasanidi (gonga namba ya muundo, ile Build number, mara 7), ruhusu USB debugging, chomeka waya halafu kwenye kompyuta yenye adb (programu ya kuipa amri simu ya Android) andika:

adb shell getprop ro.product.cpu.abilist

Jibu lake ni mstari mmoja tu na ndo wenye kila kitu. Ukija hivi "arm64-v8a,armeabi-v7a,armeabi" simu yako inapokea zote, za biti 64 na za biti 32, hio ndo simu ya raha. Ukija "armeabi-v7a,armeabi" basi ni biti 32 tu, hata kama boksi limeandikwa nini. Ukija "arm64-v8a" peke yake, hio inakataa za biti 32 kabisa, Google walianza na Pixel 7 mwaka 2022, na kwa hio apu zile za zamani sana ulizohifadhi kwenye memori kadi zitagoma. Andika mstari huo pahala, utauhitaji mbele.

Kwa nini watu waweke Android ya biti 32 kwenye chipu ya biti 64?

Hili naulizwa kila mara na jibu lake ni RAM. Programu ya biti 64 inakula memori zaidi kidogo kuliko ndugu yake wa biti 32, sasa simu ya RAM ya 1GB au 2GB kila kidogo kina thamani, kwahivyo mtengenezaji anaweka Android ya biti 32 ili simu ipumue. Chipu kama Unisoc SC9832E na MediaTek MT6739, zote mbili zina kori nne (kori ni kichwa cha kufanyia kazi ndani ya chipu) za Cortex-A53, na Cortex-A53 ni biti 64, lakini simu nyingi za bei ya chini zenye chipu hizo ukizichungulia unakuta Android ya biti 32. Si wizi huo, ni uamuzi wa kiufundi na una mantiki yake, tatizo ni kwamba mnunuzi haambiwi. Kwa mzee anaetaka kupiga simu, WhatsApp na kutuma pesa, simu hio inamtosha kabisa. Kwa kijana anaetaka magemu mazito au kukata video, asiiguse.

Na upande wa pili watengeneza apu nao wanahama. Tangu Agosti 2019 Google Play inawalazimisha wenye apu zenye kodi ya prosesa ndani yake (si kodi ya serikali, ni amri zilizoandikwa moja kwa moja kwa muundo wa prosesa) walete na toleo la biti 64. La biti 32 hawakukatazwa, lakini kutengeneza na kujaribu matoleo mawili ni kazi mara mbili, wengine wanaliacha kimyakimya, na hapo ndo unaona Play Store inakwambia kifaa chako hakiendani na toleo hili.

Hatua ya 3: Chungulia faili la apu kabla hujaliweka

Faili la APK, yaani faili la kuwekea apu ya Android, ni zip tu, mafaili mengi yaliyofungwa pamoja. Chukua apu ya ZArchiver, lishike faili, chagua kulitazama bila kulifungua lote, utaona mafolda kadhaa. Tafuta folda linaloitwa lib. Ingia ndani. Ukikuta folda la arm64-v8a peke yake, na mstari wako wa Hatua ya 2 ni wa biti 32, acha hapohapo usijichoshe. Ukikuta armeabi-v7a na arm64-v8a yote mawili, faili hilo linakubali simu zote mbili, ndo maana nalo huwa zito. Na ukikuta hakuna lib kabisa furahi, apu hio haina kodi ya prosesa ndani, imeandikwa kwa Java au Kotlin tupu, Android yenyewe ndo inaitafsiri, inaingia kwenye chipu yoyote ilimradi toleo la Android linafaa.

Kama unachukua kutoka APKMirror, tovuti ya kudaunlodi APK, pale wameandika wenyewe pembeni ya kila faili, armeabi-v7a, arm64-v8a, universal yaani zote, au noarch yaani haijali. Na jengine la kusoma pale ni Android ya chini inayohitajika. Mtu anaangalia biti zimekubali anasahau kuwa apu inataka Android 8 na yeye ana 6.

Hatua ya 4: Kurushiana apu, hapa ndo penye vilio

Huku kwetu bando ni kitu cha kuhesabia, mmoja anadaunlodi, wengine wanarushiwa kwa Xender au Bluetooth. Zamani ilikuwa sawa kwa sababu apu ilikuwa faili moja. Siku hizi si faili moja tena. Tangu Agosti 2021 apu mpya zinazopelekwa Google Play lazima ziende kama furushi, na Play Store ndo inakatia kila simu kipande chake. Simu ya biti 64 inapewa faili la msingi, linaitwa base.apk, na pembeni yake split_config.arm64_v8a.apk, na kipande cha lugha, na kipande cha ukubwa wa kioo. Simu ya biti 32 inapewa base.apk ileile na split_config.armeabi_v7a.apk.

Sasa jirani yako wa biti 64 akikurushia, ama inakuja base.apk peke yake, inakataa kuingia au inaingia na kujifunga kila ukiifungua, ama vinakuja vipande vyake vyote na kile cha prosesa si cha kwako. Utafuta, utarusha tena, utazima na kuwasha simu, haitokubali hata mkeshe. Dawa ni kurushiana na mtu ambae mstari wake wa abilist ni sawa na wako, nyote mtumie apu ya SAI (Split APKs Installer) kutoa vipande vyote pamoja kwenye faili la .apks na kuviingiza tena vyote pamoja. Au uchukue kutoka Play Store mwenyewe, ukipata waifai ya mtu.

Hatua ya 5: Soma ujumbe wa kukataa

Simu ikiandika "App not installed" haijakwambia kitu, ujumbe huo unatoka kwa sababu chungu nzima. "There was a problem parsing the package" mara nyingi ni faili limekatika njiani wakati wa kudaunlodi, au Android yako ni ya chini kuliko inavyotakiwa. Ukitaka ukweli wote chomeka kompyuta, andika adb install na jina la faili, itakujibu kwa jina la kosa lenyewe:

INSTALL_FAILED_NO_MATCHING_ABIS, hio ni prosesa, faili si la muundo wako, tafuta faili jengine.

INSTALL_FAILED_OLDER_SDK, Android yako ya zamani kwa apu hio, tafuta toleo la nyuma la apu.

INSTALL_FAILED_UPDATE_INCOMPATIBLE, hapa biti hazihusiki kabisa, simu tayari ina apu hio yenye saini tofauti (saini ni alama ya siri ya aliyeitengeneza). Ondoa ya mwanzo, lakini hifadhi vitu vyako kwanza.

INSTALL_FAILED_DEPRECATED_SDK_VERSION, hii ni kinyume, apu ndo kongwe. Android 14 inakataa apu zilizolengwa chini ya Android 6.0. Watu wengi wanaipata kwa apu za zamani za msahafu au kamusi walizozoea miaka, wamenunua simu mpya wakataka kuhamisha.

Hatua ya 6: Dukani, kabla hujatoa pesa

Hapa naomba sana mnisikilize. Kuna simu za bandia zimeandikwa jina kubwa mgongoni, ukiingia setingi unaona Android 14, RAM 12GB, kori nane, na yote hayo ni maandishi tu yaliyobadilishwa ndani ya mfumo. Wengi wanaangalia setingi na kulipa. Wewe fungua Termux uandike:

cat /proc/cpuinfo

Tafuta mstari wa CPU part. Hii ni namba ya kori yenyewe inavyojitambulisha, na kuidanganya ni kazi kuliko kubadilisha maandishi ya setingi. 0xc07 ni Cortex-A7, kori ya biti 32 ya zamani, ndo iliyomo kwenye MediaTek MT6580 ambayo hata 4G haina. 0xd03 ni Cortex-A53, 0xd05 ni Cortex-A55, 0xd0a ni A75, 0xd0b ni A76. Kwahivyo simu inayojiita ya mwaka jana na bei yake ya mamilioni, ukaona 0xc07, irejeshe juu ya meza na uage kwa adabu. Muuzaji akikataa usiweke apu ya kupimia, jibu umeshalipata.

iPhone ni rahisi zaidi, kuanzia 5s kwenda mbele zote ni biti 64, iPhone 5 na 5c ndo za mwisho za biti 32 na zimeishia iOS 10, maana iOS 11 ya 2017 iliacha biti 32 moja kwa moja. Mtu akikuuzia 5c "kwa bei ya kutupa" basi jua apu nyingi za leo hazitoingia.

Je, naweza kuibadilisha ya biti 32 iwe 64?

Kwa chipu kama Cortex-A7 hapana, haiwezekani kabisa. Kwa chipu ya biti 64 yenye Android ya biti 32, mdomoni inawezekana, lakini unahitaji mfumo mzima wa biti 64 wa modeli yako hasahasa, pamoja na draiva za kamera, mtandao na kioo, na mtengenezaji asipoutoa huna pa kuupata. Nimeletewa simu zilizofleshiwa, yaani kuwekewa mfumo upya, kwa mafaili ya modeli nyengine inayofanana jina, zikafa kabisa haziwaki hata taa, na nyengine zinawaka lakini hazishiki laini. Kwa simu ya 2GB hata ukifanikiwa itakuwa nzito kuliko mwanzo. Bora utafute toleo la apu la armeabi-v7a, au utumie huduma ile kwa brauza kama wana tovuti.

Ukishindwa kabisa na ukaamua kuipeleka kwa fundi, mpe vitu vinne, mstari wa abilist, toleo la Android, RAM, na jina la apu na umeipata wapi. Ukiwa na hivyo fundi anakujibu palepale hata bila kuifungua simu.